Ninyi ni Watoto wa Nani?

Maneno yaliyosemwa na ndugu watatu, wenyeji wa Rombo, kwenye chakula cha hisani cha Umoja wetu jijini Dar es Salaam. Kamati imeona yachapwe kama yalivyosomwa.

  

Mwenyekiti alipotupigia simu alimwomba mmoja wetu azungumze kwa dakika kumi na tano. Tukamwomba aturuhusu tusimame watatu, kwa sababu habari hii hakuna anayeimiliki peke yake. Mkubwa wetu ni dada, ni muuguzi. Wa katikati ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Mdogo wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tumeandika pamoja, tumebishana mezani usiku tatu, na mahali tulipokosa kukubaliana tutawaambia. Anasoma mmoja, wanaosema ni watatu.

Wengi wenu mnatujua kwa jina la ukoo. Wachache mnatujua kwa jina jingine tuliloitwa kwa miaka mingi: watoto wa mlevi. Usiku huu tunalisema jina hilo hadharani, kwa kuwa tuna hakika humu ukumbini wapo wengine wanaolibeba kimya kimya.

Tulizaliwa kwenye kihamba alichoachiwa baba na babu, chini kidogo ya barabara iendayo Tarakea. Migomba ilisongamana hadi mchana ukawa na kivuli. Chini yake ilikuwepo kahawa, na zizini ng'ombe mmoja na mbuzi wachache. Baba alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu ndiye aliyebaki na nyumba ya wazee. Hakuwa mtu mbaya. Tunalisema mapema kwa sababu katika habari za walevi watu husubiri kusikia habari za mtu mbaya. Baba alijua kupogoa mibuni kuliko majirani zake wote, aliimba besi kwenye kwaya, na alitufundisha kuhesabu kwa kutumia ndizi za mkungu.

Mama alikuwa mpishi wa mbege. Wenyeji mnaijua kazi hiyo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, hukaa siku kadhaa, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewe la kuleta uchungu. Pesa ya mbege ndiyo iliyotununulia madaftari. Hatukuja hapa kuitukana mbege. Imefunga ndoa zetu, imepatanisha ndugu waliogombana, imetusindikizia wazee wetu kaburini. Lakini mpishi hana budi kuonja, na mama aliyeonja pipa kila asubuhi alifika mahali ambapo asubuhi yenyewe haikuanza bila kuonja.

Kufikia mwaka 2001 bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka kwenye soko la dunia. Mnakumbuka. Wapo waliong'oa mibuni, na wapo waliokaa kitako wakaitazama. Baba alianza kunywa mchana. Kutoka mbege akahamia gongo, kwa sababu gongo inalewesha kwa pesa kidogo. Kisha vikaja viroba, pakiti ndogo ya kuingia mfuko wa shati, ambayo hata mtu asiye na kazi angeweza kuimudu. Serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, na tunashukuru. Kwetu sisi vilikuwa vimeshapita na nyumba.

Vilipita nayo hivi. Kwanza aliuzwa ng'ombe. Yakafuata mabati ya jiko. Kikafuata kipande cha juu cha kihamba, kisha cha katikati. Kila kipande kilimegwa na mtu aliyekuja jioni, chupa mkono mmoja, na mkono wa pili karatasi iliyokwisha kuandikwa. Mwezi wa tano mwaka 2005 kiliuzwa kipande cha mwisho, chenye nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kwa karatasi ridhaa ilipatikana. Mama alitia dole gumba. Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni tunatazama. Siku ile mama asingeweza kuwatajia hata siku ya juma.

Baadhi yenu humu ndani mnakijua kihamba hicho. Hatukuja kukidai, wala hatuna neno baya na mtu. Tutarudi kwenye jambo hili kabla hatujamaliza.

Tulihamia Himo, chumba kimoja cha kupanga. Kodi ililipwa miezi miwili. Mwezi wa tatu mwenye nyumba akatoa vitu vyetu nje, na wazazi wetu wakaanza kulala vilabuni walikokuwa wakinywa. Mtauliza, ukoo ulikuwa wapi? Baba mkubwa mmoja alikuwa Arusha na hakujua. Mwingine alikuwa akinywa pamoja na baba. Wajomba walikuwa mbali. Dada alikuwa na miaka 13, darasa la sita. Wa katikati miaka 11. Mdogo wetu alikuwa na miaka 7 na alikuwa ameanza tu kuunganisha silabi. Tulilala kwenye meza za sokoni mpaka mvua ilipotufukuza, ndipo tukapanda basi kwenda Moshi mjini. Kondakta hakutudai nauli. Tulimdhania mkarimu, na huenda alikuwa mkarimu, ila hakutuuliza tunakwenda kwa nani.

Pale stendi ya Moshi tulikaa karibu miezi minne. Hatutasimulia yote, maana mengine si ya mezani. Tutasema yatakayowasaidia kutambua mtoto wa namna hiyo mkimwona. Dada alikata nywele zote na kuvaa suruali ya kaka yake, ili usiku adhaniwe mvulana. Mdogo wetu alilala katikati, juu ya maboksi, na tulifunga kamba ya kiatu mkononi mwake na nyingine mkononi mwa dada, ili mtu akimvuta usingizini tuamke. Mchana tulibeba mizigo ya abiria. Jioni tuliosha masufuria ya mama lishe mmoja, naye akatupa ukoko na mchuzi. Mama yule alituruhusu kulala nyuma ya kibanda chake, karibu na jiko, kwa kuwa majivu hukaa na joto hadi alfajiri. Alikuwa na watoto watano wake mwenyewe. Tulipokuja kumtafuta tukiwa watu wazima, kibanda hakikuwepo, na yeye hatujampata mpaka leo.

Sasa tusikilizeni, ndugu zetu, kwa sababu hapa ndipo tunapowahusu.

Mnajua Desemba ya kwetu. Mchagga anaweza kukosa mambo mengi mwaka mzima, lakini Krismasi hakosi nyumbani. Wiki ile ya Desemba 2005 mabasi kutoka Dar es Salaam yaliingia usiku na mchana, na watu wa kwetu wakashuka na mabegi, magodoro, na makreti ya soda. Tuliwajua. Tuliwajua kwa lafudhi, kwa sura, wengine kwa majina. Tuliwabebea mizigo kutoka basi kubwa hadi kwenye magari madogo ya Rombo. Na baadhi yao walitujua. Tuliona kabisa uso wa mtu ukitukumbuka, kisha ukageuka upande. Mmoja alitupa shilingi mia tano kwa mzigo wa mia mbili na kuondoka haraka, kana kwamba anatukimbia. Tumefikiri sana juu ya mia tano ile. Hatumchukii aliyeitoa. Tunadhani alijua kwamba akituuliza swali moja tu, jibu litamfuata mpaka nyumbani na kuketi naye kwenye meza ya Krismasi.

Tarehe 23, kama saa tatu usiku, alishuka mama mmoja wa makamo, mwalimu aliyekuwa amestaafu mwaka huohuo, akiwa na begi moja na mwavuli. Mdogo wetu akakimbilia begi. Mama hakulitoa. Alimtazama, akatutazama sote, akauliza kwa lugha ya nyumbani: "Ninyi ni watoto wa nani?"

Swali hilo huulizwa kila siku kwetu. Huulizwa njiani, kisimani, kanisani. Tofauti ni kwamba yule mama alisubiri jibu. Tulinyamaza, yeye akasubiri. Gari la Rombo likapiga honi, kondakta akaita, yeye akasubiri. Dada akataja jina la babu, maana jina la baba aliona aibu kulitaja. Mama akasema, "Babu yenu alimchimbia baba yangu mfereji. Pandeni gari."

Hakuwa ndugu yetu. Hakuwa tajiri. Pensheni yake ilikuwa haijaanza kulipwa. Tulilala kwake usiku ule, na Krismasi ile tukala naye. Asubuhi ya tarehe 27 alituongoza hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mtendaji wa kata, akasema hatoki ofisini bila barua. Tulikaa nyumbani kwake miaka saba. Yu hai, ana umri mkubwa, na amekataa katukatu tumtaje kwa jina. Anasema alichofanya ni kuuliza njia tu.

Dada alipokuwa chuo cha uuguzi alifundishwa juu ya utafiti uliofanywa katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, Marekani. Watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 kwa miongo mingi. Miongoni mwao walikuwemo waliokulia kwenye umaskini, ugomvi na ulevi wa wazazi. Wengi wa hao walipata matatizo, lakini kama theluthi moja walikua watu wazima wazima, wenye kazi na familia. Emmy Werner, aliyeongoza kazi hiyo, alieleza kwamba jambo moja lililowasaidia ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba: bibi, jirani, mwalimu. Dada aliporudi likizo alimsomea Mama Mwalimu habari hiyo. Mama akacheka, akauliza, "Iliwachukua miaka yote hiyo kulijua hilo?"

Lakini mtu mmoja hachoki? Anachoka. Ndiyo maana tunausemea Umoja huu. Wakati ule shule ya msingi haikuwa na ada, lakini sare, viatu na daftari vilikuwepo. Sekondari ya kutwa ilikuwa na ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, achilia mbali michango. Mwaka 2006 Mama Mwalimu aliandika barua kwa Umoja, ukurasa mmoja kwa mkono. Mwaka jana Mtunza Hazina alituonyesha daftari la mapato na matumizi la mwaka ule. Kati ya mstari wa saruji na mstari wa mabomba ya maji kuna mstari umeandikwa: "Sare na viatu, watoto watatu." Hakuna majina. Tuliutazama mstari huo muda mrefu. Ndugu zetu, mliotoa mwaka 2006 mlidhani mnachangia mabomba. Mlikuwa mnatuchangia sisi, na leo tumekuja kuwapa risiti.

Sasa tuzungumze juu ya baba, maana kama tungewaacha hapa mngeondoka mkidhani habari ilikwisha tulipopata kitanda.

Mwaka 2008 vijana wa kijiji, kwa nia njema, walimkamata baba wakamfungia chumbani ili aache pombe kwa nguvu. Wa katikati wetu, akiwa na miaka 14, ndiye aliyeshika ufunguo. Usiku wa pili baba alitetemeka mwili mzima, akaongea na watu wasiokuwepo, kisha akashikwa na degedege. Tulimpeleka hospitali amefungwa kwenye kitanda cha kamba, tukidhani amerogwa. Daktari alituambia jambo ambalo tungependa kila nyumba ya kwetu ilijue: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla bila dawa, anaweza kufa katika siku hizo za mwanzo. Msimfungie mtu ndani. Mpelekeni hospitali. Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe kuwa ugonjwa, na ugonjwa huo una matibabu.

Mama hakuyafikia matibabu hayo. Alifariki mwaka 2009, ini limeharibika. Kwetu mtu huzikwa kihambani. Mama alizikwa makaburi ya kanisa, kwa sababu hatukuwa na mgomba hata mmoja wa kumzika chini yake. Alikuwa ameanza kuja kwa Mama Mwalimu kila Jumapili kututazama. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye masale ya mpakani, ametufungia ndizi mbivu kwenye kanga, na mkono ukimtetemeka. Tunamkumbuka hivyo, na tunampenda hivyo.

Baba aliacha pombe mara tatu. Mara mbili alirudia. Watu husema "karudia" kama wanavyosema "tulijua tu". Sisi tumejifunza kwamba kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu, kama malaria inavyoweza kurudi kwa mtu aliyekwisha kutibiwa. Mara ya tatu, mwaka 2012, alitibiwa vizuri, na baada ya hapo akakaa kwenye moja ya nyumba za upataji nafuu, pamoja na wenzake walioacha kabla yake. Hao ndio waliomwelewa. Hakunywa tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Wazee wetu, tunawaomba ruhusa tuseme hili kwa heshima. Baba aliporudi kijijini, kazi ngumu kuliko zote haikuwa kuacha. Ilikuwa kukataa kata mbele ya watu. Kwenye kila ngoma, kila mahari, kila matanga, aliambiwa: "Onja tu, mbege ya wazee haileweshi." Aliambiwa ana majivuno. Aliambiwa amelogwa na wanawe. Alikaa na chupa yake ya soda kama mgeni kwao. Tunaomba kata ipite mbele ya mtu wa namna hiyo bila neno, na aendelee kuhesabiwa kuwa mtu wa barazani.

Krismasi ya mwaka 2013 baba alitujia na jani la isale. Kwa wageni wetu tunaeleza: isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Kwa desturi, anayeletewa isale hapaswi kukataa. Hapa ndipo ambapo hatukukubaliana, wakati ule na hata juzi tulipokuwa tukiandika. Dada alipokea. Mdogo wetu alipokea, akalia. Wa katikati hakulishika. Aliliacha mezani, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Watu walimlaumu sana. Baba hakumlaumu. Alisema, "Mimi nilimkalisha stendi miezi minne. Na mimi nitakaa." Alikaa miaka mitatu. Mwaka 2016 wa katikati alimchomelea baba geti, akalifunga mwenyewe, na wakati wa kuondoka akamwomba lile jani, likiwa limekauka kabisa. Yeye anataka tuwaambie kwamba mtoto asiharakishwe kusamehe ili wakubwa wapumue. Wengine wawili hatukuwa na hakika kama jambo hilo lisemwe hapa. Limesemwa.

Baba alifariki mwaka 2019. Tulikuwa tunajiandaa kumlaza kando ya mama, makaburini. Asubuhi ya kabla ya mazishi, mzee aliyenunua kipande cha mwisho cha kihamba alikuja mwenyewe, kwa miguu, na mkononi ana isale. Hatukuwa tumeomba kitu. Alisema baba azikwe pale alipozaliwa. Tulipofika kuchimba tuliona masale ya babu yangalipo mpakani yote. Hakuwahi kuyang'oa. Mzee huyo hatutamtaja, naye ametuambia tukitaka tuseme, tuseme. Tunasema ili wote mliowahi kununua kwa namna ile mjue kwamba mlango haujafungwa.

Sasa tunarudi kwenye jambo tulilowaahidi. Kijijini kwetu ardhi inauzwa hata leo kwa mtindo uleule. Uhamishaji wa ardhi ya kimila unapita kwa halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na wajumbe ni watu wetu wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa anao wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Sheria zipo. Kinachokosekana ni jirani wa kusema "subirini kwanza, watoto wanakwenda wapi?" kabla ya dole gumba kuguswa na wino. Tunawaomba ninyi mlio Dar, mnaopigiwa simu kwamba kuna kipande cha bei nzuri kinauzwa haraka: ulizeni kwa nini ni haraka. Ulizeni nani analala pale.

Kijitabu mlichonacho mezani kina mambo matatu ambayo Kamati imeyaombea mchango mwaka huu. La kwanza ni vyumba viwili vya kulala karibu na nyumba za walimu, kwa mtoto ambaye usiku wa leo hawezi kulala kwao, akae pale kwa ujuzi wa ustawi wa jamii wakati ukoo wake unatafutwa. La pili ni mfuko wa nauli na matibabu kwa mtu wetu anayetaka kuacha pombe. Mtu huyo anapotamka kwamba anataka, ana siku moja au mbili za kutaka, na siku hizo hazisubiri kikao. La tatu ni posho ndogo kwa watu wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanamume, watakaotembelea nyumba ambazo sote tunazijua na tunazipita. Bajeti yake imeandikwa humo humo, shilingi kwa shilingi.

Wapo watakaouliza kwa nini Umoja uliojenga madarasa na kuvuta maji uingie kwenye mambo ya ndani ya nyumba za watu. Tunawajibu kwa staha: darasa mlilojenga lilikuwa na madawati matatu matupu mwaka 2005. Yalikuwa yetu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya tumeyaficha vya kutosha.

Sisi watatu tunaanza na shilingi milioni moja na nusu, nusu milioni kila mmoja. Tunaomba iandikwe kwenye daftari bila majina, kwenye mstari wa vyumba viwili. Tumezoea mistari isiyo na majina.

Na kwa wale ambao hawana cha kutoa usiku huu, tunawaomba jambo moja lisilo na gharama. Desemba inakuja. Mtashuka stendi ya Moshi na mizigo yenu, mkiwa mmechoka na mna haraka ya kufika. Atakuja mtoto mbio kushika begi lako. Mpe ujira wake. Kisha muulize kwa lugha yako ni mtoto wa nani, na uache gari lipige honi mpaka akujibu.